Ajali Ina Kinga: Maisha ya Otto Lilienthal

Wahenga wetu walituachia methali nyingi za hekima, lakini iko moja ambayo mimi, kila niisikiapo, hutamani kuipinga. Ni ile inayotuambia kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo hutumiwa kuwaliwaza wafiwa, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu huanza pale inapoondolewa matangani na kupelekwa karakanani, ikawa ndiyo hoja ya fundi asiyetaka kukaza nati ya mwisho, au ya mwendeshaji bodaboda anayetundika kofia yake ya usalama kwenye usukani badala ya kuivaa kichwani. Leo nataka kuwasimulia walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, maisha ya mtu mmoja aliyeonyesha kwa kazi ya mikono yake kwamba ajali ina kinga, na ambaye kifo chake, kwa masikitiko, kilithibitisha jambo lilo hilo.

Mtu huyo ni Otto Lilienthal, mhandisi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1896. Yamkini msomaji atauliza miji ya Thika na Ruiru ina uhusiano gani na Mjerumani wa karne ya 19. Uhusiano upo. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani. Ruiru nao umejaa karakana za jua kali. Na katikati ya miji hiyo miwili, pale Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kijana wa huku hukua akiona chuma kikikatwa, kikipindwa na kuchomelewa. Si ajabu basi kwamba baadhi yao wanataka kuunda chombo cha kuruka. Katika miaka ya 2010 magazeti na runinga vilituonyesha fundi mmoja wa Nyeri aliyejenga ndege baada ya ndege nyumbani kwake, na kutoka Uganda zikaja picha za kijana mmoja na wenzake waliokuwa wakiunda ndege uani kwa mama yake. Tangu wakati huo, ni nadra kwangu kumaliza kufundisha mada ya nguvu na mwendo bila mwanafunzi kunifuata baada ya kipindi, mkononi ana michoro ya ndege.

Wawili miongoni mwao walinijia muhula mmoja na michoro iliyonivutia sana. Injini ingekuwa ya pikipiki, mabawa yangekuwa ya mabomba ya alumini na kitambaa cha turubai, na kiunzi chenyewe kilikuwa kimekwisha kuchomelewa nyuma ya nyumba moja huko Ruiru. Walikuwa wamepiga hesabu ya uzito, ya nguvu za injini na ya upana wa mabawa, na hata rangi walikuwa wameichagua. Nilitafuta mahali pa mkanda wa rubani nisipaone. Nilipouliza, walinieleza kwa heshima kwamba mambo kama hayo yangeongezwa baadaye, ndege ikishathibitisha kuwa inaweza kuruka. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimkumbuke Lilienthal, na ndilo lililonituma kuandika makala haya.

Lilienthal alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, ambao wakati huo ulikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Baba yake alifariki Otto angali mvulana, na mama akabaki na mzigo wa kuwalea na kuwasomesha watoto. Otto na mdogo wake Gustav, aliyezaliwa mwaka 1849, walikuwa na mazoea ya kwenda mabondeni kuwatazama korongo weupe. Korongo hao huhama Ulaya kila mwaka majira ya baridi yanapokaribia, na wengi wao hupitia huku kwetu Afrika Mashariki wakielekea kusini. Huenda basi mwanafunzi wa Thika amewahi kumwona mjukuu wa mjukuu wa mwalimu wa Lilienthal. Vijana wale waligundua kwamba korongo anapotaka kuruka hukimbia akiukabili upepo wala haupi mgongo. Wakaunda mabawa ya mbao, wakayafunga mikononi, wakakimbia nayo mteremkoni. Walifanya hivyo usiku ili wenzao wa shule wasiwacheke. Mabawa hayakuwainua, lakini hamu haikuwatoka.

Otto alisomea ufundi Potsdam na baadaye uhandisi mjini Berlin. Alishiriki vita vya mwaka 1870 kati ya Prussia na Ufaransa, kisha akarudi kwenye mashine. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wanaomsifu Lilienthal hulipita haraka. Mkate wake wa kila siku haukutoka angani, ulitoka kwenye boila za mvuke. Katika enzi hizo boila kubwa likipasuka liliua watu na kubomoa jengo zima. Lilienthal alibuni boila dogo ambalo ndani yake maji yalipita katika mabomba membamba yaliyozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Kwa kuwa maji yaliyokuwamo wakati wowote yalikuwa machache, hata bomba moja likipasuka madhara hayakuwa makubwa. Boila hilo aliliuza kwa sifa yake kuu ya kutokuwa na hatari, na karakana ndogo ambazo zisingethubutu kuwa na boila la kawaida zikaweza kulinunua. Alifungua kiwanda chake mwenyewe, na kuanzia mwaka 1890 akawagawia wafanyakazi wake robo ya faida. Kwa hiyo aliyepanda vilimani na mabawa alikuwa mtu aliyekula na kuwalisha watoto wake kwa kuuza usalama.

Kabla ya kuruka alipima. Pamoja na Gustav alitengeneza kifaa chenye mkono mrefu uliozunguka kama wa kinu, akafunga juu yake vipande vya mabawa ya maumbo mbalimbali, kisha akapima nguvu ya hewa inayoyainua. Matokeo ya kazi hiyo ya miaka mingi aliyachapisha kitabuni mwaka 1889, akieleza jinsi kuruka kwa ndege wa porini kunavyoweza kuwa msingi wa kuruka kwa binadamu. Alionyesha wazi kwamba bawa lililopinda kidogo hubeba vizuri kuliko bawa lililo bapa. Alikuwa na umri wa miaka 41 na bado hajaruka hata mara moja.

Hata alipoanza hakukimbilia kileleni. Alianza bustanini kwake kwa kuruka kutoka kwenye ubao ulioinuliwa kidogo tu kutoka ardhini, akauongeza urefu hatua kwa hatua. Mwaka 1891 alihamia kwenye miinuko ya Derwitz, karibu na Potsdam, na huko akasafiri angani umbali wa takriban mita 25. Mwaka 1893, kwenye vilima vya Rhinow, alifikia mita 250. Mwaka 1894 aliagiza kilima kijengwe huko Lichterfelde, karibu na Berlin, chenye kimo cha mita 15 na umbo la pia, ili upepo uvume kutoka upande wowote naye apate mteremko wa kuukabili. Katika miaka mitano aliruka zaidi ya mara 2,000. Hata hivyo, ukijumlisha muda wote aliokuwa hewani, hupati zaidi ya saa tano hivi. Mtu huyu alijifunza kwa sekunde, si kwa saa.

Vyombo vyake vilikuwa glaida, yaani ndege zisizo na injini, zilizoundwa kwa fito na kitambaa. Rubani aliingiza mikono katikati ya mabawa, akaning'inia, na miguu ikabembea chini. Hapakuwa na usukani. Upepo ulipoinua bawa moja, alirusha miguu upande huo ili uzito wake uliteremshe. Njia hiyo ilikuwa na udhaifu ambao yeye mwenyewe aliujua: mwili wa binadamu una nafasi ndogo ya kusogea, na upepo mkali hausubiri miguu ifike.

Kwa sababu aliujua udhaifu huo, alitafuta kinga. Mbele ya rubani alifunga upinde wa fito za mti unaopindika kwa wepesi, ambao Wajerumani waliuita Prellbügel. Kazi ya upinde huo ilikuwa kutangulia kugonga ardhi endapo chombo kingeanguka kichwa mbele, ukavunjika wao badala ya shingo ya mtu. Mwaka 1894 jambo hilo lilitokea. Vishikio vya mikono vilivunjika angani, chombo kikasimama wima kisha kikaporomoka kutoka kimo cha takriban mita 20. Upinde ulipasuka vipande vipande. Lilienthal aliinuka na mkwaruzo kichwani na kifundo cha mkono kilichoteguka. Baada ya hapo hakuificha ajali hiyo kwa aibu. Aliiandika na kuichapisha ili wengine wajifunze.

Naomba mwanafunzi alizingatie jambo hili. Upinde ule haukumsaidia Lilienthal kuruka mbali zaidi wala juu zaidi. Uliongeza uzito, na haukuupendezesha uso wa chombo. Mtazamaji angeuona kama kitu kisicho na kazi, na kwa kweli haukuwa na kazi katika safari zote zilizokwenda salama. Kinga ndivyo ilivyo: siku 1,000 huonekana kuwa hasara, na siku moja inalipa deni lote. Anayetaka kila sehemu ya ndege yake ioneshe faida kila siku atazing'oa kinga zote, moja baada ya nyingine.

Kuanzia mwaka 1894 Lilienthal alianza kuuza aina moja ya glaida yake kwa marki 500. Zinajulikana kuuzwa angalau tisa, na hivyo yeye huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kutengeneza vyombo vya kuruka kwa ajili ya soko. Wanunuzi walitoka mbali. Huko Urusi alikuwapo Nikolai Zhukovsky, mwanasayansi wa mwendo wa hewa. Huko Marekani alikuwapo William Randolph Hearst, mwenye magazeti. Huko Uingereza alikuwapo mhandisi kijana Percy Pilcher, aliyekwenda mwenyewe kujifunza kwa Lilienthal kisha akarudi kwao kuunda vyombo vyake.

Ikafika Jumapili, tarehe 9 Agosti 1896. Lilienthal alikuwa kwenye kilima cha Gollenberg, karibu na kijiji cha Stölln, akitumia glaida ya aina aliyoizoea. Katika mojawapo ya safari za siku hiyo hewa ya joto iliyokuwa ikipanda ilikiinua chombo na kukisimamisha. Mwendo ulipopotea, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba. Alirusha miguu mbele, lakini chombo kilikwisha kuinama, kikaanguka kutoka kimo cha takriban mita 15. Shingo yake ilivunjika. Msaidizi wake, fundi Paul Beylich, alimchukua, na kesho yake, tarehe 10 Agosti, akafariki hospitalini mjini Berlin akiwa na umri wa miaka 48. Wanahistoria wa urubani husimulia kwamba siku hiyo ule upinde wa kinga haukuwa umefungwa mbele yake.

Mwaka 2016 wataalamu wa Kituo cha Anga cha Ujerumani waliiga glaida ile kwa vipimo vyake na kuijaribu katika handaki la upepo. Walikuta kwamba haikuwa chombo kibovu. Ilikuwa tulivu kiasi cha kutosha kwa mtu aliyeizoea. Matokeo hayo hayanipi faraja. Yananiambia kwamba mtu aweza kuwa na chombo kizuri, akawa na uzoefu wa safari 2,000, akawa ndiye mvumbuzi wa kinga yenyewe, na bado mchana mmoja wa joto ukamshinda.

Baada ya kifo chake watu walimwekea kinywani usemi kuhusu ulazima wa kutoa sadaka, nao ukachongwa kwenye kaburi lake huko Lankwitz. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama aliwahi kuutamka. Mimi naungana nao, si kwa ushahidi wa maandishi bali kwa ushahidi wa maisha yake. Mtu aliyetengeneza boila lisiloua, aliyeanza kuruka kutoka kwenye ubao wa bustanini, aliyejifungia upinde kifuani, hakuwa mtu wa kutafuta sadaka. Alikuwa mtu wa kuikwepa. Wanaompamba kwa usemi huo wanamgeuza kuwa shujaa wa kufa, ilhali alikuwa shujaa wa kupima.

Pilcher naye hakukawia. Mwishoni mwa Septemba 1899 alikuwa amewaalika wageni huko Stanford Hall kutazama chombo chake kipya chenye injini. Injini iliharibika kabla ya siku ile, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Asipende kuwavunja moyo waliokuja, aliruka kwa glaida yake ya zamani. Sehemu ya mkia ilikatika angani, akaanguka, na siku mbili baadaye akafa. Kisa hicho nakisimulia kwa makusudi, maana katika miji yetu kijana akitangaza kwamba atarusha ndege, umati hujaa uwanjani tangu asubuhi na simu za kupiga picha zimeinuliwa. Umati haujui kukagua mkia. Umati unajua kushangilia na kuzomea tu, na kati ya hivyo viwili ni vigumu kujua kipi kimewaua wengi zaidi.

Waliorithi kazi hiyo vizuri ni ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Habari za kifo cha Lilienthal ndizo zilizoamsha upya hamu yao. Walianza na majedwali yake ya vipimo, kisha wakaunda handaki lao la upepo na kupima upya. Waliona kwamba kubembea kwa mwili hakutoshi, wakabuni njia ya kuyapinda mabawa kwa nyaya ili rubani aongoze chombo. Usukani wa kupanda na kushuka waliuweka mbele, na waliushikilia mpangilio huo kwa miaka kadhaa, kwa sehemu kwa sababu uliwakinga na ule mporomoko wa ghafula uliomuua Lilienthal. Walifanya majaribio yao chini chini, juu ya mchanga wa Kitty Hawk. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa injini, na wote wawili wakarudi nyumbani kula Krismasi.

Sasa turudi kwetu. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani: bawa lahitaji mwendo mkubwa zaidi ili kubeba uzito ule ule, na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Michoro iliyotengenezewa nchi tambarare za ng'ambo haifai kunakiliwa hapa bila kupigiwa hesabu mpya. Isitoshe, jua letu la mchana huinua hewa ya joto kama ile iliyomwangusha Lilienthal. Asubuhi na mapema, kabla ardhi haijapata moto, ndio wakati wa majaribio.

Vijana wale wawili niliwapa orodha ya mambo ambayo hayana fahari yoyote. Mkanda unaoshika mabega na kiuno, uliofungwa kwenye kiunzi chenyewe wala si kwenye kiti. Fremu imara inayopita juu ya kichwa cha rubani. Pini za kuzuia kila nati isilegee kwa mtetemo wa injini. Kichujio cha mafuta na mahali pa kutolea maji yaliyotuama chini ya tangi. Ukuta wa bati kati ya injini na miguu. Kifaa cha kuonya mwendo unapopungua mno. Mabawa yapakiwe mifuko ya mchanga ardhini hadi uzito upite ule utakaobebwa angani. Ziko hata parachuti zinazoshusha ndege nzima. Kampuni ya BRS ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1980, ndiyo iliyotangulia kuzieneza. Bei yake ni kubwa kwa mwanafunzi, lakini mkanda na pini hazimshindi mtu aliyeweza kununua injini. Na juu ya yote, mtu mwingine mwenye ujuzi akague, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya itoe idhini kabla gurudumu halijaiacha ardhi. Najua vijana huiona ofisi hiyo kama mlango uliofungwa. Waione kama upinde wa mbele.

Kwa walimu wenzangu nina neno moja. Tusiwakataze. Kijana tunayemfukuza na michoro yake ataendelea kuchomelea usiku, kama wana wa Anklam walivyokimbia usiku kwa kuogopa kichekesho, na usiku hakuna mkaguzi. Wala tusiwashangilie tu. Hapa hapa Ruiru watafiti wa kahawa walianza mwaka 1971 kutafuta mbegu inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa, na mbegu ya Ruiru 11 ikawafikia wakulima mwaka 1985. Hakuna aliyewazomea kwa kuchelewa. Kama mche wa kahawa ulistahili miaka 14 ya kupimwa, mtoto wa mtu hastahili miezi michache zaidi?

Katika mashindano yetu ya sayansi, basi, tuache kumpa alama zote yule ambaye chombo chake kimekwenda mbali. Tutenge alama kwa anayeweza kueleza chombo chake kitaangukaje, na amefunga nini kati ya anguko hilo na shingo ya rubani. Na aeleze pia atafanya nini ili kinga hiyo isikose kufungwa hata siku moja, hata katika safari ya 2,000, hata siku ambayo kila kitu kinaonekana shwari. Lilienthal alilijua jibu la swali la kwanza kuliko mtu yeyote wa zama zake. La pili ndilo lililomshinda.